Neno Lililobaki Jikoni

Ungetaka kumjua Veronika, mama Kisa, wakati ule, usingemfuata nyumbani kwake. Ungekwenda Ipinda siku ya soko, umtafute alipouzia mchele wake, kisha usimame kando usikilize. Wachuuzi wanaotoka mjini na tabia yao ya kushindilia gunia mpaka liote kilemba walimwogopa. Akimwona mtu anashindilia debe kwa kiganja, alimtolea uvivu pale pale mbele za watu, na mtu huyo alirudi kwenye gari lake akiwa mdogo. Kwaya ya kanisa lao, huko kijijini kata ya Mwaya, haikuanza wimbo mpaka yeye aanzishe. Kwao Talatala walikuwa wakimtania kwamba alizaliwa akiongea, mkunga ndiye aliyelia. Yafaa hili lijulikane mapema, maana mkasa wenyewe ni wa siku ambayo mwanamke huyu mwenye mdomo wake alinyamaza.

Krismasi ilipopita, wenzake wakiwa bado wanapika na kutembeleana, Veronika alifunga safari kwenda kwa Mwalimu Sylvester, ambaye ndiye angepokea darasa la tatu shule zikifunguliwa. Alimkuta uani akianika kakao kwenye mkeka. Hakungoja kuletewa kiti.

"Mwalimu, Kisa anakuja darasani kwako. Nimekuja kukueleza mambo yake kabla hujaanza naye."

"Nayajua, mama Kisa. Ana sikoseli."

"Unajua jina lake tu. Kaa nikueleze ugonjwa."

Mwalimu akakaa. Veronika akamweleza kwamba Kisa atakuja na chupa ya maji, na chupa hiyo itakaa juu ya dawati lake, atakunywa hata wakati wa hesabu. Anayekunywa hukojoa, kwa hiyo akinyoosha mkono aende chooni aachwe aende bila kuulizwa mara mbili. Asitumwe maji kisimani. Asipelekwe shamba la shule. Mvua ikinyesha asisimamishwe mstarini na wenzake, na akichelewa asichapwe, kwa sababu kuna asubuhi magoti yake huamka baada yake. Akisema anaumwa, basi anaumwa, asiambiwe anadeka.

"Na wale wanaomwita Mbivu kwa sababu ya macho yake ya njano," alimalizia, "hao niachie mimi, au uwashike wewe. Chagua."

"Nitawashika mimi," mwalimu alisema haraka. Kisha akakuna kidevu. "Ila, mama Kisa, mwaka huu amekosa masomo mno. Mwalimu mkuu amesema wazi: akikosa tena hivyo muhula ujao, anarudi darasa la pili. Hapo mimi sina la kufanya."

"Hatakosa," Veronika akasema.

Alisema hivyo kama mtu anayeapa, na likizo yote iliyobaki aliishi kwa kiapo hicho. Kisa alikuwa na miaka minane, mwembamba, mwepesi wa kucheka, na kitu alichokiogopa kuliko sindano ni kubaki nyuma wenzake wakiingia la tatu. Walikuwa wameanza pamoja, wakaimba pamoja irabu, sasa wangekuwa upande wa pili wa ukuta wakisoma vitabu vinene. Veronika alijua kwamba mtoto wake anaweza kuvumilia maumivu ya mifupa yanayoliza watu wazima, lakini hilo asingelivumilia.

Basi akamwandaa. Alimpeleka kliniki, akarudi na vidonge vya foliki na dawa nyingine za kumkinga na malaria, kila asubuhi akamsimamia mpaka ameze, kisha amwonyeshe ulimi. Alishona chandarua palipotoboka. Alinunua sweta la mtumba zito la buluu, akalifua mara mbili kuondoa harufu ya marobota. Alichemsha maji, akayapoza mtungini, akafanya mchezo kwamba chupa ikiisha kabla ya jua kufika utosini, Kisa anaruhusiwa kulamba sufuria ya uji. Watu wanaodhani kumwandaa mtoto kwenda shule ni daftari na kalamu hawajawahi kulea mtoto wa namna hii.

Na jioni walifanya zoezi. Veronika alijifanya mwalimu, akasimama na mwiko mkononi badala ya fimbo. Kisa alitakiwa kunyoosha mkono na kusema: "Mwalimu, mguu unaniuma, naomba kukaa." Mwanzoni alisema huku akitazama vidole vya miguu.

"Nitazame usoni," mama yake alimwambia. "Mkubwa hawezi kuona maumivu yako, ni mpaka umwambie. Usimwogope mtu kwa sababu ni mkubwa. Sema tena."

Kisa akasema tena, na tena, mpaka akaweza kusema bila kuinamisha macho. Veronika akafurahi. Hakuona kichekesho kilichokuwa hapo, na hakuna jirani aliyemwonyesha, kwa sababu majirani nao waliishi ndani ya kichekesho hicho hicho.

Maana ng'ambo ya migomba, ua unaopakana na wake, aliishi baba mkwe wake, mzee Lazaro. Na Wanyakyusa wana jambo lao na baba mkwe. Mwanamke aliyeolewa hasimami mbele ya baba wa mume wake. Hamtazami usoni, hampi mkono, hasemi naye, hataji jina lake. Akimwona njiani yeye ndiye anayeiacha njia, anaingia shambani na kugeuka mpaka mzee apite. Wenyewe huita ukutila. Mjini wanasema mila hiyo imekufa, na pengine huko imekufa kweli. Huku imepungua ukali tu, kama pilipili iliyokaa sana juani, lakini ukiionja utaijua.

Miaka yote ya ndoa yake Veronika alikuwa hajauona uso wa mzee huyo sawasawa. Alimjua kwa kofia, kwa mgongo, kwa fimbo, na zaidi kwa kikohozi. Mzee naye alikuwa muungwana. Kabla ya kukunja kona ya kuingia uani kwao alikohoa kwa nguvu, ili mkwe wake apate nafasi ya kuondoka. Hivyo ndivyo walivyopendana, mmoja kwa kukohoa na mwingine kwa kujificha.

Mara moja tu ilikwenda kombo. Mwaka wa kwanza wa ndoa alikutana naye ghafla kwenye kona ya mikakao, ndoo kichwani, na "shikamoo" ikamtoka kabla hajaikamata. Kufika jioni shangazi wa mumewe walikwishapata habari. Alitakiwa apeleke jogoo na kukaa chini kuomba radhi, na wanawake wakamwimbia maneno ambayo hakuyasahau. Mdomo uliowashinda wachuuzi wote wa Ipinda ulijifunza siku hiyo kwamba kuna mtu mmoja duniani hauwezi kumfungukia.

Kwa miaka mingi hilo halikumletea shida, kwa sababu mama mkwe wake, bibi Tuntufye, alikuwa hai. Neno la jikoni lilipita kwa bibi likafika barazani, na la barazani likarudi hivyo hivyo. Kisha bibi akafariki, mavuno ya mpunga yakiwa bado uani, na watu waliomlia hawakufikiria kwamba pamoja naye umezikwa mdomo wa nyumba. Mume wa Veronika, Gwamaka, alikuwa Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, simu yake leo inapatikana, wiki nzima haipatikani. Aliyebaki wa kubeba maneno ni Kisa.

Mtoto aliiona kazi hiyo kuwa heshima kubwa. Hata kliniki, muuguzi alipouliza jina kamili, "Kisa Gwamaka nani?", Veronika alimgusa mtoto begani, na mtoto akalitamka lile jina la tatu ambalo mama yake hakuweza kulitamka: "Lazaro." Wauguzi wageni walicheka. Wa huku waliandika tu.

"Mama, kwa nini unamkimbia babu?" Kisa alimuuliza siku moja. "Amekufanya nini?"

"Hajanifanya kitu, mwanangu. Ni heshima."

"Mbona yeye hakukimbii?"

"Yeye ni mkubwa," Veronika alijibu, akaendelea kupepeta mchele.

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, kikohozi kilisikika konani. Veronika aliacha ufagio katikati ya ua akaingia jikoni, kibanda cha mianzi nyuma ya nyumba. Kupitia kwenye nafasi za mianzi aliona fimbo, kisha koti la mzee, kisha mguu wa Kisa ukikimbia kumpokea.

Mzee Lazaro alimpenda mjukuu huyu kupita wote. Ila alikuwa na msimamo wake. Aliamini kwamba mtoto ni dhaifu kwa sababu amefugwa kama yai, na kwamba akitembea, akichoka, akipigwa na jua na mvua kidogo, mwili utakumbuka kazi yake. Naye alikuwa akimwandaa kwa shule, kwa jinsi yake.

"Kisa, leo tunakwenda Ipinda," alisema. "Dukani kwa Abasi ukapimwe viatu. Darasa la tatu haliingiwi kwa ndala. Tutapita bondeni niwaone ndama, halafu tunarudi. Kamwambie mama yako."

Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima ya Ukinga tangu asubuhi, meusi kwa chini. Kisa akaja jikoni mbio, macho yanawaka. Veronika akamshika mabega yote mawili.

"Sikiliza vizuri. Mwambie babu hivi: wewe ukinyeshewa unaugua. Msipite bondeni, msivuke maji yoyote. Mvua ikianza mkae pale pale dukani, hata ikiwa ni mpaka jioni. Na uchukue chupa yako na sweta. Mwambie yote kama nilivyosema."

"Ndiyo, mama."

Lakini Kisa alikuwa anamjua babu yake. Zamani kidogo babu alitaka kumpeleka ziwani kuona samaki wakianikwa, akaletewa maneno ya jikoni namna hiyo hiyo, mvua na baridi na upepo. Akasema, "Basi, mwache mama yake amfuge," akaenda zake peke yake. Kisa alilia siku nzima. Leo ilikuwa viatu. Alitembea kutoka jikoni mpaka barazani, na njiani humo ujumbe wote ukamdondoka.

"Mama anasema sawa, babu."

Veronika alisikia. Hapo ndipo penye kisu cha mkasa huu, kwamba alisikia kila neno. Angekuwa kisimani, angekuwa shambani, leo angeweza kulala. Alikuwa nyuma ya mianzi, karibu kiasi cha kunusa tumbaku ya mzee, na jibu lilikuwa tayari mdomoni: sikusema hivyo, tata, baba yangu. Alifungua kinywa. Akaona jogoo, akaona shangazi za Gwamaka wamekaa nusu duara wakimwimbia, akaona mzee mwenyewe akiaibika mbele ya mjukuu wake kwa kusemeshwa na mkwe. Akachukua mwiko akagonga sufuria kwa nguvu, mara kadhaa, kama mtu anayepiga hodi. Huo ndio ukelele alioweza.

Mzee alisikia sufuria, akadhani anaagwa. "Mwambie mama yako ndaga, asante," alisema kwa sauti ya upole, akageuka, mkono wa Kisa ndani ya mkono wake.

Chupa ya maji ilibaki kwenye ukingo wa baraza. Sweta lilibaki kwenye kamba.

Walipopotea nyuma ya migomba Veronika alitoka mbio, chupa mkono huu, sweta mkono huu. Aliwaona migongo kwenye njia ya mikakao. "Kisa," aliita. "Wewe, Kisa." Mtoto akageuza kichwa kidogo, kisha akakirudisha mbele kama hakusikia. Mzee aliisikia sauti ya mkwe wake inamjia kwa nyuma, akafanya alichofundishwa na baba yake: akaongeza mwendo, ili asije akamwaibisha mke wa mwanawe kwa kukutana naye njiani. Kwa adabu kabisa, alimkimbiza yule mtoto mbali na maji yake ya kunywa.

Jirani yake Doreen alikuwa anapita na fungu la miche ya mpunga. Veronika akamuuliza kama kuna mtu anakwenda Ipinda sasa hivi. Doreen akacheka. "Mama Kisa, mtoto yuko na babu yake. Kwani ameibwa?"

Akaona haya, akarudi. Alimpigia Gwamaka ampigie baba yake. Namba haipatikani. Simu ya mzee mwenyewe ilikuwa inachajiwa kwenye kibanda cha njia panda, kama kila Jumamosi, na hata ingekuwa mfukoni mwake, Veronika hakuwahi kumpigia maishani. Alikaa mlangoni akajiambia kwamba mawingu hayo pengine yataishia Matema. Mtu akishakuwa mwoga huanza kutegemea mawingu.

Mvua ilishuka mchana. Ni mvua ya Kyela, haimkuti mtu ikamwacha na sehemu kavu. Iliendelea mpaka barabara ikawa mto na chura wakaanza kulia mchana kweupe. Veronika aliwasha moto mkubwa, akachemsha maji, akatandika blanketi karibu na mafiga, akawa anatoka na kuingia. Wakati wa alasiri alisikia kikohozi konani. Akaingia jikoni. Ndiyo, hata wakati huo aliingia jikoni. Alipotoka mzee alikuwa amekwishaondoka na Kisa amesimama barazani, gauni limemganda mwilini, meno yanagongana, anacheka.

"Tazama, mama," alisema, akinyanyua mfuko wa nailoni. "Havijaloa. Babu aliviweka ndani ya koti."

Vilikuwa viatu vyeusi vya ngozi, vizuri, vikavu kama vimetoka kiwandani.

Wakati anamvua na kumsugua kwa kanga alizipata habari vipande vipande. Walikuwa wamejikinga dukani kwa Abasi. Kisha babu akawaza ndama wake, kwamba mto umejaa, akasema mvua haijamuua mtu. Walivuka bondeni, maji yalimfika Kisa kiunoni, babu alimshika mkono vizuri. Kisa alikuwa na kiu sana njia nzima.

"Hukumwambia babu kwamba una kiu?"

"Niliogopa atasema nadeka."

Veronika hakumgombeza. Angemgombeza kwa lipi? Alimpa maji ya vuguvugu, uji, dawa, akamfunika, akamkumbatia. Giza lilipoingia maumivu yakaanza kwenye miguu na mgongo, yale yale wanayoyajua wote wawili, na akamkanda mpaka alfajiri. Kisha yakapungua. Kisa akalala, na Veronika akamshukuru Mungu kwa sauti. Alihesabu moyoni kwamba Jumapili atapumzika, na Jumatatu, hata kwa kubebwa mgongoni, shule atafika.

Jua lilipochomoza Kisa alifungua macho akavitazama viatu. Veronika akaelewa, akatabasamu, akampa kimoja. Mkono wa kulia wa mtoto haukukipokea. Kiatu kilianguka sakafuni. Akakiokota akampa tena, akidhani ni usingizi, na kikaanguka tena, na hapo ndipo alipouona mdomo. Upande mmoja ulikuwa umeshuka. Kisa alikuwa anajaribu kusema neno, pengine "kiatu", na lilitoka limeyeyuka.

Ukelele alioupiga Veronika asubuhi hiyo ulisikika mpaka kanisani. Mzee Lazaro alitoka kwake mbio, safari hii bila kikohozi, na Veronika hakujificha. Mzee alimsimamisha kijana wa bodaboda barabarani. Walipanda wote kwenye pikipiki moja: dereva, kisha mzee, kisha Kisa, kisha Veronika amewazungushia mikono. Watu wawili waliokwepana miaka yote ya ndoa walisafiri hivyo kwenye matope mpaka hospitali, mtoto katikati yao, kichwa chake kimelala mgongoni kwa babu.

Mapokezi muuguzi alishika kalamu. "Jina la mgonjwa?"

"Kisa."

"Kisa nani?"

"Kisa Gwamaka."

"Gwamaka nani?"

Veronika, kwa mazoea, akamgusa mtoto begani. Kisa akamtazama mama yake. Alijua kazi yake, alitaka kuifanya. Midomo ikajitahidi, nusu yake ikatii, nusu ikakataa, mate yakamtoka.

"Mama," muuguzi alisema, "Gwamaka nani? Tunachelewa."

"Lazaro," Veronika akasema.

Halafu akalirudia kwa nguvu, ingawa muuguzi alikwishaliandika. "Lazaro. Ndilo jina lake. Huyu hapa nyuma yangu." Akageuka, na kwa mara ya kwanza akamtazama mzee usoni. Kumbe alikuwa na macho ya Kisa, yale yale, yamewekwa kwenye uso uliokunjamana. Hilo lilimuuma kuliko hasira aliyokuwa nayo.

"Nilisema asinyeshewe," alimwambia. "Nilisema msivuke maji. Nilisema abebe chupa yake."

Mzee akajibu: "Sikusikia, mwanangu. Nakuapia sikusikia."

"Najua," Veronika akasema. "Hukuambiwa."

Walihamishiwa Mbeya, wakakaa huko muda mrefu. Daktari alisema ni kiharusi, kwamba watoto wenye sikoseli hupata hata bila mvua. Veronika alimbana: kama asingeloa, kama angekunywa maji? Daktari alivua miwani akasema hakuna anayeweza kujua, pengine kingekuja hata angekuwa amelala kitandani, pengine kisingekuja. Alisema hivyo kwa huruma, akidhani anampunguzia mzigo.

Gwamaka alifika kutoka Chunya na vumbi lake. Alikaa kando ya kitanda akalia, kisha akauliza swali ambalo Veronika alikuwa analingoja. "Kwa nini hukumwambia baba?" Yeye, mtoto wa nyumba ile, aliyeona jogoo akipelekwa. Veronika alimtazama tu mpaka akainamisha kichwa.

Na waliporudi kijijini shangazi mmoja alianza kunong'ona kwamba hata hivyo jina la mzee limetajwa hadharani, hospitalini, mbele za watu, na mambo haya yana taratibu zake. Veronika alimfuata nyumbani kwake pamoja na Kisa. Alimshika Kisa ule mkono uliolegea, akauweka mapajani mwa shangazi, akasema, "Sasa taja jogoo wako." Shangazi hakumtaja.

Kisa alirudi shule Pasaka ilipopita, darasa la pili. Wenzake wako ng'ambo ya ukuta, anawasikia wakisoma. Mwalimu Sylvester alitimiza ahadi zake zote kwa mtoto asiye wake tena: alikwenda mwenyewe kwa mwenzake wa la pili, chupa iko juu ya dawati, na hakuna anayemwita Mbivu. Anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Viatu anavivaa kila siku. Cha kushoto bado kizima, cha kulia kimelika pua, kwa sababu mguu huo anauburuza.

Veronika humpeleka na kumrudisha. Sokoni wanasema siku hizi anauza bila kugombana, na wachuuzi wameanza kushindilia debe tena. Kwaya inaanzishwa na mwingine. Akiwa nyumbani husikiliza kona, lakini kikohozi hakiji. Mzee haji tena barazani, na hajamwona mjukuu wake tangu hospitali.

Asubuhi moja walimkuta kwenye njia ya mikakao, mahali pale pale ambapo zamani "shikamoo" ilimponyoka Veronika. Alikuwa anawajia, fimbo mkononi, amekonda. Veronika hakuacha njia. Alisimama katikati na mtoto wake, na safari hii salamu aliileta mwenyewe, kwa sauti ya kusikika.

"Shikamoo, baba."

Mzee Lazaro akasimama. Aliutazama mguu wa Kisa, akakitazama kiatu. Kisha akaiacha njia. Aliingia kwenye mikakao, akapita majani makavu mpaka nyuma ya mti, akageuka akawapa mgongo, kofia ameishusha, akingoja wapite.

Kisa alimtazama mama yake. Maneno yake siku hizi huja polepole, lazima mtu amsubiri.

"Babu anatukimbia," alisema. "Tumemfanya nini?"

Veronika alimshika mkono, ule mzima, wakaanza kutembea tena.

"Hatujamfanya kitu," akasema. "Ni heshima."